Simbilisi Akikoroma Usiku: Mkimbilie kwa Daktari au Mlale?

Mwezi huu naomba tuwaweke pembeni kidogo mawifi, michango ya harusi na simu zinazofungwa kwa namba za siri. Nataka tuongee kuhusu mkazi mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, ambaye naye ana uwezo wa kuwanunisha watu wazima wawili wiki nzima. Namzungumzia simbilisi.

Kwa wasiomfahamu, simbilisi ni yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, anayefugwa kwenye boksi au kibanda na kupiga kelele akisikia mfuko wa majani unatikiswa. Wengine humwita pimbi, ingawa pimbi halisi ni yule wa porini anayeota jua juu ya miamba, na sisi wa Singida kwa miamba hatujambo. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya kitoweo. Kule Kivu ya Kusini, Kongo, familia nyingi bado zinamfuga kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kwenye nyumba za vijana wa mjini huingia kwa mlango mwingine kabisa: zawadi ya mtoto, au zawadi ya mchumba.

Na hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Zawadi ikishapewa jina na mtoto, si mnyama tena, ni ndugu. Usiku umetulia, mnasikia "khrr, khrr" kutoka kwenye boksi. Mmoja anasema, "Baba watoto, huyu anaumwa, kesho apelekwe kwa daktari." Mwingine anajibu bila kugeuka kitandani, "Mama watoto, yaani tumlipie daktari panya?" Basi. Usingizi umeisha, na mazungumzo hayahusu tena simbilisi, yanahusu nani anajali na nani hajali, nani anatafuta hela na nani anazitumia.

Nyumbani kwetu tunao wawili, kwa hiyo naongea jambo ninaloliishi. Na ninachotaka kukwambia ni hiki: ugomvi huo mara nyingi hutokea kwa sababu wote wawili wanasikiliza kitu kisicho muhimu sana. Wanasikiliza ukubwa wa kelele. Kumbe cha kuangalia ni mnyama anafanya nini wakati kelele inatoka.

Kelele za raha na kelele za shida

Simbilisi ana maneno mengi. Ule mlio mkali wa "wiii, wiii" ni njaa na furaha, amesikia unafungua jokofu. Ukimpapasa mgongoni ananguruma taratibu kama pikipiki iliyo mbali, huyo ameridhika. Dume akimzunguka jike huku akitikisa kiuno na kunguruma kwa sauti nzito, hiyo ni habari ya mapenzi, usiingilie. Akigonganisha meno haraka haraka, amekasirika, mwache apoe. Kupiga chafya moja au mbili baada ya kuchimba chimba kwenye nyasi kavu ni jambo la kawaida, sawasawa na wewe ukifagia uani mwezi wa Septemba.

Kelele za shida zina tabia tofauti. Kwanza, zinakuja na pumzi. Kila akivuta au kutoa hewa, sauti ipo: mluzi mwembamba, au mkwaruzo kama mtu anayekunja karatasi ngumu polepole. Pili, zinaendelea hata akiwa ametulia, hajala, hajakimbia, hajakasirika. Tatu, mwili mzima unashiriki. Mbavu zinaingia na kutoka kwa nguvu, pua inatanuka, shingo inanyooka juu kama anatafuta hewa.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hakihitaji shule. Simbilisi mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 40 na 100 hivi kwa dakika. Kaa pembeni bila kumshika, angalia ubavu wake, hesabu kwa sekunde 15 kwa kutumia simu, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 10 hadi 25 katika hizo sekunde 15, yuko kwenye kawaida yake. Ikizidi hapo na hajakimbia wala hakuna joto kali, kuna tatizo. Fanyeni zoezi hili siku akiwa mzima, mjue kawaida ya wa kwenu, maana bila hiyo mtakuwa mnabishana hewani.

Mafungu matatu

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Mimi naugawa kwenye mafungu matatu, na nakushauri uyaandike kwenye karatasi.

Fungu la kwanza: subirini, angalieni. Anapiga chafya mara moja moja, au ananguruma, lakini anakula kama kawaida, macho makavu na yanang'aa, pua kavu, anakimbia ukitikisa mfuko. Huyu hahitaji daktari usiku huu. Anahitaji mwangalie chanzo cha vumbi. Badilisheni matandiko, msogezeni mbali na moshi, kisha mwangalieni tena asubuhi na jioni kwa siku mbili.

Fungu la pili: kesho asubuhi, bila mjadala. Chafya zinarudi rudi. Pua ina majimaji au makamasi yaliyokauka, au miguu ya mbele kwa ndani imelowa na manyoya kushikana, maana hujifutia pua hapo. Macho yana tongotongo. Sauti ya mkwaruzo inasikika ukimweka karibu na sikio. Anakula, lakini nusu nusu. Au uzito umeshuka. Mnyama huyu mkubwa wake huwa na gramu 700 hadi 1,200, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inatosha kabisa. Mpimeni kila wiki, andikeni. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hiyo pekee ni sababu ya kwenda.

Fungu la tatu: sasa hivi, hata kama mnaamsha mtu. Anapumua kwa mdomo wazi. Hili nalisisitiza, kwa sababu simbilisi kwa maumbile hupumua kwa pua. Ukimwona anatumia mdomo, ujue njia ya kawaida imeshindwa. Fizi au midomo ina rangi ya bluu au imepauka. Amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, hashtuki ukimgusa. Au hajala chochote kwa saa 12. Tumbo la simbilisi halipumziki kama letu. Likikaa tupu linasimama, na likisimama linaweza kumuua kabla hata ya mapafu.

Umeona? Kwenye fungu la tatu karibu hakuna kelele kabisa. Huyu ni mnyama anayewindwa. Porini anayeonyesha udhaifu huliwa, ndiyo maana anaficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha ziishe. Anayepiga kelele za kudai mchicha, usimwogope. Aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza, huyo ndiye wa kumkimbiza. Wenye ndoa zenu mnaweza kulichukua hilo na kulitumia kwingine, mimi simo.

Kwa nini hapa kwetu?

Singida ina mambo yake. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake unajulikana. Usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Huo ni msimu mrefu wa ukame, vumbi jekundu linapenya hata dirisha lililofungwa, na Oktoba joto la mchana linapanda. Simbilisi hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi 18 hadi 24 hivi. Ikifika 30 anaanza kuteseka, na anaweza kuhema kwa joto tu bila maambukizi yoyote. Huyo anatakiwa kuhamishiwa kivulini mara moja, kitambaa chenye unyevu kiwekwe karibu, na kama hatulii ndani ya muda mfupi anaingia fungu la tatu.

Vyanzo vingine viko ndani ya nyumba zetu wenyewe. Boksi limewekwa jikoni karibu na jiko la mkaa "ili apate joto", kumbe anavuta moshi kutwa. Matandiko ni maranda laini yenye vumbi, au yenye harufu kali ya mbao. Mkojo haujasafishwa siku tatu, ile harufu inayokuchoma wewe ukiwa umesimama, yeye yuko nayo sentimita mbili kutoka puani.

Halafu kuna suala la majirani zake. Watu wengi huwafuga pamoja na sungura kwa sababu wanakula chakula kinachofanana. Sungura na mbwa wanaweza kubeba bakteria aitwaye Bordetella bila wao kuumwa, lakini akimfikia simbilisi humletea nimonia mbaya. Watenganisheni, na mkitoka kumshika sungura, nawa mikono kabla ya kumshika simbilisi.

Na chakula. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Ng'ombe anaitengeneza, kuku anaitengeneza, yeye hapana. Akiikosa kwa wiki kadhaa, kinga inashuka na mafua madogo yanageuka nimonia. Wakati wa masika hakuna shida, mboga zipo kila kona. Ni kwenye kiangazi ndipo watu humlisha pumba na nyasi kavu peke yake. Nyasi kavu ni lazima, ndizo zinazosaga meno yake ambayo hukua maisha yote, lakini aongezewe kila siku kipande cha pilipili hoho, mchicha kidogo, au kipande cha pera. Kumtilia kidonge cha vitamini kwenye maji ya kunywa hakusaidii sana, kwani vitamini C huharibika upesi ikikaa kwenye maji na mwanga.

Dawa ya kuku si dawa yake

Hapa ndipo nakuomba usome mara mbili, msomaji wangu. Singida ni mkoa wa kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida wanaliwa mpaka Dar es Salaam, na kila mtaa una mtu anayejua kuku akikoroma apewe nini. Kwa hiyo simbilisi akianza kukwaruza kifuani, jirani mwema atakwambia, kwa nia njema kabisa, "Mpe ile dawa yangu ya kuku." Au utakumbuka una vidonge vya amoksilini vilivyobaki mtoto alipougua.

Usimpe. Penisilini, amoksilini na ampisilini zinaweza kumuua simbilisi. Baadhi ya dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo zimejaa kwenye maduka ya dawa za mifugo, nazo zina hatari kwake. Sababu ni hii: tumboni mwake kuna bakteria wema wanaomsaidia kusaga majani. Dawa hizo zinawaua hao wema, wabaya wanashika nafasi na kutoa sumu. Anaanza kuharisha, anaacha kula, na ndani ya siku chache amekufa. Ninyi mtadhani ni mafua yaliyomuua, kumbe ni tiba.

Zipo antibayotiki ambazo daktari humpa simbilisi salama, kwa kipimo cha uzito wake. Ndiyo maana daktari analipwa. Kumpima kwa jicho kama unavyochanganya dawa kwenye maji ya kuku 50, hapana. Na chanjo ya mdondo ni ya kuku tu, haimhusu. Dawa za kikohozi za binadamu, mafuta ya kuchua kifua, asali, vyote viache kabatini.

Kumpata daktari

Tuwe wakweli, wataalamu wengi wa mifugo huku kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Ukimpelekea simbilisi, anaweza akacheka kwanza. Usikasirike, cheka naye, halafu uliza maswali mawili. La kwanza: je, yeye ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari? Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka hivyo, na kuna tofauti kati ya daktari na muuzaji wa duka la dawa. La pili: je, amewahi kutibu simbilisi au sungura? Kama hajawahi, si mwisho wa dunia. Mwombe awasiliane na mwenzake mwenye uzoefu kabla ya kuandika dawa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, na madaktari wetu wengi wamesomea huko, kwa hiyo kupiga simu kwa mwalimu wake wa zamani si jambo geni.

Tafuteni namba yake leo, wakati hakuna anayeumwa. Saa tano usiku si wakati wa kuanza kuuliza "nani anamjua daktari wa mifugo".

Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu kwa nusu dakika akiwa ametulia, sauti isikike na ubavu uonekane. Akifika mahali pageni ataogopa na kunyamaza, na daktari hatasikia ulichosikia wewe. Mweke kwenye boksi lenye matundu, kitambaa na nyasi ndani. Kama ana mwenzake, nenda na mwenzake pia; kama ni maambukizi, wote wanatakiwa kuangaliwa. Mfuko wa plastiki hapana, na boksi lisifungwe nyuma ya bodaboda kwenye jua la saa saba. Lishike mapajani.

Mkiwa mnasubiri, mpeni joto la kawaida, utulivu na majani mabichi anayoyapenda. Msimlazimishe maji mdomoni wakati anapigania pumzi, yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Haya, na ninyi wawili?

Narudi kwenye kitanda kile chenye migongo miwili iliyogeukiana. Sitasema aliyekataa kutoa hela ni katili. Tuseme simbilisi alinunuliwa shilingi elfu kumi, na daktari pamoja na dawa ni mara kadhaa ya hapo, huku kodi ya nyumba inadaiwa. Swali lake ni halali. Na anayetaka kumpeleka naye si mjinga: kuna kiumbe kinachopata shida chini ya paa lenu, na kuna mtoto anayejifunza kwa kuwaangalia mnavyokitendea.

Ninachowaomba ni mkubaliane siku mkiwa mmeshiba na kucheka. Mambo manne tu. Dalili zipi zinamaanisha tunakwenda, na hayo ni mafungu matatu hapo juu. Nani mwenye kauli ya mwisho mwenzake akiwa safarini, iwe Dodoma kwenye semina au kijijini. Kiasi gani cha fedha tunaweza kutoa bila kuulizana. Na tukifika mwisho wa kiasi hicho na mnyama bado anateseka, je, tutamwomba daktari ampumzishe bila maumivu? Swali hili la mwisho linauma, ndiyo maana lisiachwe mpaka usiku wa manane.

Mimi na mwenzangu tuliyaandika hayo nyuma ya kalenda ya ukutani, pamoja na kiasi cha fedha. Haikuchukua hata nusu saa. Nilichokiona ni kwamba baada ya hapo hakuna tena "wewe huna huruma" wala "wewe unapenda kutapanya". Kuna karatasi, na karatasi haina hasira. Usiku mmoja wa Julai mdogo wao alianza kupiga chafya, tukahesabu pumzi, tukapata 19 kwa sekunde 15, tukamwona anavyoshambulia mchicha. Fungu la kwanza. Tukabadilisha maranda, tukalala.

Na mtoto mwambieni ukweli kwa kiasi cha umri wake. Akifa, amekufa, msimdanganye kwamba "amerudi kwao" halafu mkaleta mwingine anayefanana. Watoto wanahesabu madoa.

Neno la mwisho kwa mlio kwenye uchumba na mnataka kupeana zawadi yenye manyoya. Simbilisi anaweza kuishi miaka mitano hadi minane. Kuna mapenzi ya mjini hayafikishi nusu ya hapo. Ukimpa mtu simbilisi, umempa kazi ya kufua matandiko, kununua hoho wakati wa kiangazi na kuamka usiku kuhesabu pumzi. Kama unaona huyo uliyenaye hawezi hayo kwa mnyama wa kilo moja, mpe maua kwanza.

Tuonane mwezi ujao panapo majaliwa.